Sistimu Ikilala, Pesa Yako Iko Wapi? Somo Kutoka kwa Hitilafu ya Jenkins

Tuseme ni Jumatano saa nne asubuhi, soko la Gakoromone mjini Meru. Umeshapima avokado kilo thelathini, mteja amekubali bei, ametoa simu. Anabonyeza. Mnangoja. Hakuna meseji. Anabonyeza tena. Kimya. Kisha jirani wa kibanda cha pili anapaza sauti: "Hata mimi! Sistimu iko chini!"

Hayo maneno matatu tunayasikia kila mahali, kuanzia Maua hadi Runyenjes, kuanzia kaunta ya sacco hadi kwa wakala wa kona. Na tuseme ukweli: hata sisi wa makampuni ya malipo huwa tunapenda kujificha nyuma yake. "Sistimu iko chini" halielezi kitu. Halisemi ni nini kimeharibika, halisemi pesa yako iko wapi, na halikuambii ufanye nini wakati unangoja.

Leo tunafungua hilo pazia kidogo. Tutatumia kisa kimoja cha kweli kilichotokea India mwaka 2024, ambapo wateja wa benki ndogo karibu 300 walifungiwa nje ya mifumo ya malipo. Watafiti waliochunguza kisa hicho walisema chanzo chake ni kosa dogo kwenye chombo ambacho mteja wa kawaida hajawahi kukiona wala kukisikia. Tumechagua kisa hiki kwa sababu benki zile zilikuwa za watu kama sisi: za ushirika, za vijijini na za miji midogo.

Katika somo hili utajifunza:

- Chombo cha kujengea programu ni nini, na kwa nini kinagusa pesa yako.
- Kosa la "kuvuka folda" linafanyaje kazi, kwa lugha ya kawaida.
- Mambo ya kufanya wewe kama mteja, mfanyabiashara au mwanachama wa sacco.

Angalizo kabla hatujaanza: sisi tunaoandika masomo haya ni wa upande wa masoko, hatuandiki programu. Kila kitu hapa tuliwaomba wahandisi watueleze hadi tukaelewa. Kama sisi tumeelewa, na wewe utaelewa.

1. Kiwanda cha kahawa na kiwanda cha programu

Mtu wa Embu au Meru hahitaji kuelezwa kiwanda cha kahawa. Mkulima anachuma kahawa nyekundu, anaibeba hadi kiwanda cha chama cha ushirika, inapimwa, inamenywa, inachachushwa, inaoshwa, inaanikwa, inapangwa kwa madaraja. Mnunuzi wa mbali haoni kazi hiyo yote. Yeye anaona gunia lililo tayari.

Programu ya simu nayo ina kiwanda chake. Wahandisi wanaandika maagizo kwa maelfu ya mistari. Maagizo hayo ndiyo kahawa mbichi. Kuna programu nyingine inayoyakusanya, inayachuja, inayajaribu, inayaunganisha na kutoa kitu kilicho tayari kuwekwa kwenye simu yako au kwenye seva ya benki. Hiyo ndiyo tunaita chombo cha kujengea programu.

Kimojawapo kinachojulikana sana duniani ni Jenkins. Kilianzishwa na mhandisi Kohsuke Kawaguchi akiwa Sun Microsystems, kikiitwa Hudson, na mwaka 2011 kikachukua jina la Jenkins. Ni cha bure na kila mtu anaweza kusoma maagizo yake. Kampuni kubwa wanakitumia, kampuni ndogo wanakitumia.

Sasa fikiria kiwanda cha kahawa tena. Ndani yake kuna vitu vingi kuliko kahawa. Kuna vitabu vya wakulima, kuna funguo za stoo, kuna stakabadhi, kuna muhuri. Mtu akiingia ofisini hapo, hahitaji kuiba gunia hata moja. Akipata funguo na muhuri, anaweza kurudi usiku wakati wowote.

Ndivyo ilivyo kwa Jenkins. Ili kifanye kazi yake, mara nyingi kinatunza funguo za siri za kuingilia seva nyingine. Kwa hiyo mwizi akikifikia, amefikia mahali ambapo funguo zinaning'inia ukutani.

2. Karani mtiifu kupita kiasi

Hebu tuseme chama kina karani dirishani. Kazi yake ni rahisi: unampa karatasi yenye namba ya mkulima, anaingia chumba cha rekodi, anatoa faili hiyo, anakusomea. Chumba cha rekodi peke yake ndicho anachoruhusiwa kukuhudumia.

Siku moja anakuja mjanja. Kwenye karatasi haandiki namba ya mkulima. Anaandika: "Toka chumba cha rekodi, pita korido, ingia ofisi ya meneja, fungua droo ya juu, nisomee karatasi iliyomo." Na karani, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia asitoke chumba cha rekodi, anaenda. Anafungua droo. Anarudi dirishani na kusoma kwa sauti.

Hilo ndilo kosa la kuvuka folda. Kwenye kompyuta, faili hukaa ndani ya folda, na folda ndani ya folda nyingine, kama vyumba ndani ya nyumba. Kuna njia fupi ya kusema "rudi nyuma chumba kimoja": nukta mbili na mkwaju, yaani ../ . Programu iliyoandikwa bila uangalifu ikipewa jina la faili lenye alama hizo, inarudi nyuma, tena na tena, hadi inatoka kabisa kwenye eneo lake na kuingia pasipo pake.

Ona jambo moja hapa. Mjanja hakuvunja kufuli. Hakuja na mtarimbo. Aliuliza tu swali kwa namna ambayo karani hakufundishwa kulikataa. Ndiyo maana makosa ya aina hii yanaweza kukaa miaka bila mtu kuyaona.

3. Januari 2024: swali linalojibiwa kwa bahati mbaya

Tarehe 24 Januari 2024, waliosimamia Jenkins walitangaza kosa kubwa lililopewa namba CVE-2024-23897. Liligunduliwa na mtafiti Yaniv Nizry wa kampuni ya Sonar.

Kosa hili lilikuwa na mtindo wake. Badala ya nukta mbili, lilitumia alama ya @. Jenkins ina sehemu ya kupokea amri za maandishi, na sehemu hiyo ilitegemea kipande cha programu kinachoitwa args4j. Kipande hicho kina tabia moja: ukiandika @ ikifuatiwa na mahali faili ilipo, kinaondoa maneno hayo na kuweka yaliyomo ndani ya faili. Tabia hiyo iliwekwa kwa nia njema, kumrahisishia mhandisi kazi. Lakini ilibaki wazi hata kwa mtu wa nje.

Turudi kwa karani wetu. Mjanja anaandika: "Nataka rekodi ya mkulima anayeitwa @droo-ya-meneja." Karani anaenda kwenye droo, anasoma kilichomo akidhani ndilo jina, anarudi na kusema kwa heshima zote: "Samahani, hatuna mkulima anayeitwa 'ufunguo wa sefu uko chini ya meza'."

Umeona? Amekataa ombi, na katika kukataa ametoa siri. Jenkins nayo ilifanya karibu hivyo hivyo: ujumbe wa kusema kuna kosa ulibeba maneno kutoka ndani ya faili. Mtu asiye na ruhusa yoyote aliweza kusoma mistari michache ya kwanza. Mwenye ruhusa ndogo tu ya kutazama aliweza kusoma faili nzima. Baadaye CISA, shirika la serikali ya Marekani la usalama wa mitandao, lilipoliorodhesha kosa hili, lililiita moja kwa moja kosa la kuvuka folda.

Dawa ilitoka siku ile ile: toleo 2.442, na kwa wanaotumia toleo la muda mrefu, 2.426.3. Bure. Pakua, weka, maliza.

Lakini kuwepo kwa dawa na kunywa dawa ni mambo mawili. Ndani ya siku chache mbinu za kutumia kosa hilo zilikuwa zimesambaa, na shirika la Shadowserver, ambalo hukagua intaneti, lilihesabu seva za Jenkins takriban 45,000 zilizokuwa wazi na hazijasasishwa.

4. Tarehe 31 Julai 2024: malipo yanakatwa

Hapa ndipo tunafika kwa mteja wa kawaida.

India kuna kampuni inaitwa C-Edge Technologies. Kazi yake ni kuendesha mifumo ya kompyuta ya benki ndogo, hasa za ushirika na za vijijini, ambazo peke yao haziwezi kumudu seva na wahandisi. Ni mpango wa maana: badala ya kila benki kuchimba kisima chake, wanachangia kisima kimoja.

Mwishoni mwa Julai 2024 kampuni hiyo ilipigwa na wahalifu wanaofunga data na kudai fidia. Tarehe 31 Julai, shirika la NPCI, ambalo ndilo linaendesha mifumo ya malipo ya rejareja India, lilitangaza kwamba limeitenga C-Edge kwa muda ili maambukizi yasienee. Wateja wa benki zinazohudumiwa na kampuni hiyo hawangeweza kutumia mifumo hiyo ya malipo wakati huo. Shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba benki zilizoguswa zilikuwa karibu 300. Siku iliyofuata, tarehe 1 Agosti, NPCI ilisema muunganisho umerudishwa.

Mlango ulikuwa wapi? Kampuni ya usalama ya CloudSEK ilichapisha uchambuzi wake. Kwa mujibu wao, safari ya wahalifu ilianzia kwa Brontoo Technology Solutions, kampuni iliyokuwa ikishirikiana na C-Edge. Brontoo walikuwa na seva ya Jenkins iliyopangwa vibaya. Wahalifu walitumia kosa la CVE-2024-23897 kusoma faili, wakapata ufunguo wa siri, na kwa ufunguo huo wakaingia. CloudSEK walilitaja kundi la RansomEXX.

Sasa hesabu nasi. Dawa ilitoka 24 Januari. Malipo yalikatwa 31 Julai. Katikati hapo ni miezi sita na wiki moja.

Na hesabu hatua za mnyororo huu. Mteja anaijua benki yake. Benki inaijua C-Edge. C-Edge wanashirikiana na Brontoo. Brontoo wanatumia Jenkins. Jenkins inatumia args4j. Mkulima wa kijijini aliyekosa kulipa mbolea siku hiyo yuko hatua tano kutoka kwenye kosa lililomkwamisha. PIN yake haikuhusika kabisa. Angekuwa na PIN ngumu kuliko zote India, bado angekwama.

Tarehe 19 Agosti 2024, CISA waliliweka kosa hili kwenye orodha ya makosa yanayotumiwa na wahalifu, wakazipa ofisi za serikali ya Marekani hadi 9 Septemba kulirekebisha.

5. Si kila "iko chini" ni sawa

Hapa Kenya wengi tunakumbuka Julai 2023, wakati huduma za eCitizen ziliyumba kwa siku kadhaa na kundi linalojiita Anonymous Sudan likadai ndilo lililohusika. Wengi walishindwa kulipia huduma za serikali.

Kisa hicho ni cha aina nyingine, na ni vizuri kujua tofauti. Kule eCitizen, mashambulizi yalikuwa ya kufurikisha: maombi ya uongo mengi kiasi kwamba maombi ya kweli hayapiti. Ni kama watu elfu mbili wasio na kahawa kujipanga kwenye foleni ya kiwanda. Mkulima wa kweli hafiki dirishani, lakini hakuna aliyeingia ofisini. Kwenye kisa cha Jenkins, foleni ilikuwa fupi, siku ilikuwa tulivu, na mtu mmoja alikuwa anasomewa yaliyomo kwenye droo.

Na kuna aina ya tatu, ambayo ndiyo ya kila wiki: matengenezo ya kawaida, kebo kukatwa, stima kupotea, mnara wa simu kuzimika. Hiyo haina mhalifu.

Kwa nini hii ina maana kwako? Kwa sababu ukiwa sokoni huwezi kujua ni ipi. Kwa hiyo tabia yako lazima iwe ile ile kwa zote tatu. Tutafika hapo.

6. Na simu iliyo mfukoni mwako?

Usidhani kosa la kuvuka folda ni la seva za mbali pekee. Tarehe 1 Mei 2024, Microsoft walieleza udhaifu walioupa jina Dirty Stream kwenye programu za simu za Android. Ukituma faili kutoka programu moja hadi nyingine, programu inayopokea huletewa pia jina la faili. Baadhi ya programu zilikuwa zinaliamini jina hilo bila kulikagua. Programu mbaya ingeweza kutuma faili yenye jina la ujanja, na faili hiyo ikaenda kukaa pasipo pake, ikafunika faili muhimu ya programu iliyopokea.

Karani yule yule. Safari hii anapokea mizigo badala ya kusoma rekodi, na anaiweka popote karatasi ya mzigo inaposema.

Mifano waliyoitaja ni programu ambazo huenda unazo: kidhibiti faili cha Xiaomi, kilichowekwa kwenye simu zaidi ya bilioni moja, na WPS Office, zaidi ya milioni 500. Wenye programu hizo walikuwa wamesharekebisha kufikia Februari 2024. Lakini marekebisho hayo hayafiki kwenye simu yako kama hujasasisha. Ni Jenkins tena, kwa udogo.

7. Ya kufanya

*Kwa kila mteja*

1. Sasisha programu zako. Fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, nenda kwenye sehemu ya kudhibiti programu, kisha sasisha zote. Kama bando ni tatizo, anza na programu za pesa, za meseji na za kufungulia faili. Fanya angalau mara moja kwa mwezi.

2. Muamala ukikwama, usirudie haraka. Hili ndilo kosa la gharama zaidi. Ukibonyeza mara tatu, mfumo ukiamka unaweza kulipa mara tatu. Angalia salio kwanza, kisha taarifa ya miamala, ndipo uamue.

3. Andika. Saa, kiasi, namba uliyotumia, na ujumbe wowote uliotokea kwenye skrini. Mhudumu wetu atakusaidia haraka zaidi ukimwambia "saa nne na dakika kumi na mbili, shilingi 3,400" kuliko ukimwambia "asubuhi asubuhi hivi".

4. Usiweke pesa yote sehemu moja. Ni vibaya kwetu kibiashara kusema hivi, lakini ni kweli. Kuwa na pesa taslimu kidogo ya nauli, chakula na dawa. Kuwa na njia ya pili ya kulipa. Kumbuka kwamba kama tatizo liko kwenye seva, kuhama kutoka programu ya simu kwenda menyu ya nyota na reli hakutasaidia, maana zote mbili zinachota kisima kimoja.

*Kwa mfanyabiashara*

Miraa ya Igembe na muguka ya Mbeere hazingoji. Ndani ya saa chache bei inaanza kushuka pamoja na majani. Mizigo inalipwa ikipakiwa, na dereva hataki hadithi. Kwa hiyo:

1. Usitoe mali kwa picha ya skrini wala meseji iliyosambazwa. Siku ya hitilafu ndiyo siku yake. Mteja atasema "imetoka kwangu, ni kwako haijafika". Inaweza kuwa kweli, na inaweza kuwa uongo. Salio lako mwenyewe ndilo shahidi.

2. Kubaliana mapema na wateja wa kudumu. Mfumo ukilala, mtafanya nini? Daftari la deni lenye sahihi? Nusu taslimu? Mkubaliane siku ya amani, si siku ya vurugu.

3. Wakala, linda floti yako. Usikubali mteja akuachie simu na PIN "umfanyie ikirudi". Ikitokea shida, wewe ndiwe utatafutwa.

*Kwa mwanachama wa sacco na mweka hazina wa chama*

Sacco nyingi haziendeshi seva zao wenyewe, kama vile benki zile za India. Hakuna aibu hapo. Lakini mwanachama ana haki ya kuuliza. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka, kabla ya soda na mkate, inua mkono uulize maswali haya manne:

- Ni nani anatuendeshea sistimu, na yeye anategemea nani?
- Mkataba unasema sasisho la usalama likitoka, liwekwe ndani ya siku ngapi?
- Tukitengwa na mfumo wa malipo kwa siku moja, wanachama watatoaje pesa?
- Nakala za akiba za rekodi zetu zilijaribiwa lini mara ya mwisho? Hatuulizi kama zipo. Tunauliza kama ziliwahi kufunguliwa zikafunguka.

Huhitaji kujua Jenkins ni nini ili kuuliza hayo. Mwenyekiti akijibu kwa tarehe na majina, tulia. Akijibu "hayo ni mambo ya wataalamu", usikae chini bado.

8. Jihadhari na tapeli wa siku ya hitilafu

Habari ikienea kwamba kuna shida, simu za ajabu zinaanza. Watu hawa hawajadukua chochote. Wanatumia hofu yako tu. Maneno yao ni haya:

"Tunahamisha pesa yako kwa akaunti salama, tupe PIN." Hakuna akaunti kama hiyo. Hakuna mfanyakazi wetu, wala wa benki yoyote, anayehitaji PIN yako au ile namba ya siri ya mara moja inayotumwa kwa meseji.

"Programu yako ni ya zamani, bonyeza hapa upate mpya." Hapa tuwe makini, kwa sababu hata sisi tumekuambia usasishe. Tofauti iko kwenye mlango. Sasisho la kweli unalifuata wewe, kwenye duka rasmi la programu. La uongo linakufuata wewe, kwa WhatsApp au meseji, likiwa na haraka.

"Nimekutumia kimakosa, sistimu ilikuwa na shida, nirudishie." Angalia salio lako. Kama pesa haikuingia, hakuna cha kurudisha. Kama iliingia, mwelekeze aanzie kwa kampuni yake ya huduma, urejeshaji ufanyike kwa njia rasmi.

9. Sheria inasema nini?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mwenye kutunza data yako, akijua kwamba imevuja na kuna hatari ya kweli ya madhara, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Na wewe mwenye data ujulishwe, ndani ya muda unaowezekana.

Kuna sehemu ambayo watu wengi hawaijui. Kampuni inayochakata data kwa niaba ya mwingine, yaani wale walio katikati ya mnyororo, nayo inatakiwa kumjulisha aliyeiajiri bila kuchelewa, na inapowezekana ndani ya saa 48. Sheria yetu inatambua kwamba Brontoo wapo kila nchi.

Ukiamini data yako imetumika vibaya na hupati majibu, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ila anza na kampuni yenyewe, kwa maandishi, na uweke nakala.

10. Jipime

Soma swali, jibu kichwani, kisha angalia jibu.

*Swali la 1.* Umelipa shilingi 1,200 kwa duka la pembejeo Siakago. Skrini imeganda. Mwenye duka anasema hajaona kitu. Unafanya nini kwanza?
*Jibu:* Unaangalia salio na taarifa ya miamala. Hurudii malipo kabla ya hapo.

*Swali la 2.* Kwenye kisa cha India, PIN ngumu ingemsaidia mteja asikatiwe huduma?
*Jibu:* La. Tatizo lilikuwa kwenye seva, hatua kadhaa mbali naye. PIN ngumu inakulinda na mwizi wa simu na tapeli, kwa hiyo bado unaihitaji. Kilichomsaidia mtu siku ile ni kuwa na njia ya pili ya kulipa.

*Swali la 3.* Dawa ya kosa la Jenkins ilitoka lini, na benki zilikatwa lini?
*Jibu:* 24 Januari 2024 na 31 Julai 2024. Ukikumbuka tarehe hizo mbili tu kutoka somo hili zima, umeshika kiini chake.

Kabla hujafunga ukurasa

Sisi pia tuko kwenye mnyororo. Tuna viwanda vyetu vya programu, tuna washirika, na washirika wetu wana washirika. Hatuwezi kukuahidi kwamba hakuna karani mtiifu kupita kiasi popote katika mnyororo huo. Kampuni itakayokuahidi hivyo, iogope. Unachoweza kutudai ni hiki: dawa ikitoka, tuinywe upesi, na siku mambo yakiharibika tukuambie ukweli mapema kuliko jirani wa kibanda cha pili.

Kazi ya leo ni ndogo. Fungua Play Store, sasisha programu zako, kisha mwonyeshe mtu mmoja nyumbani jinsi ya kufanya hivyo. Mzee wako kule Nkubu au shangazi kule Kiritiri pengine hajawahi kusasisha simu tangu aliponunuliwa. Ukienda kumsalimia wikendi hii, beba mkate, na ubebe bando.

Tukutane somo lijalo.